Tomasi Maana Yake Pacha

Mpendwa Tata, baba yangu,

Wiki hii nimekukumbuka kuliko wakati wowote tangu tukuzike. Nimekumbuka Jumapili zile baada ya misa, umekaa mlangoni kwetu Kolwezi na vidole vyako vya fundi wa kuchomelea vyuma, ukitufundisha sisi watoto wa katekisimu majina ya mitume. Petro ni jiwe, ulituambia. Mathayo ni zawadi ya Mungu. Filipo, jina lako mwenyewe, ni mpenda farasi, na hapo ulicheka, kwa sababu farasi hukuwahi kumwona. Ulikuwa na baiskeli tu.

Jina langu ulilipita kila mara. Wenzangu wakalijaza wao: Tomasi asiyeamini. Hata darasani, mwalimu akifundisha, walinitania kwamba lazima niguse kwanza. Nilikuwa na miaka tisa siku niliyokuja kwako nikilia, nikakuomba unibadilishie jina, unipe lolote, hata Yuda.

Hukunikemea. Ulitazama jikoni alikokuwa mama, ukashusha sauti.

"Tomasi haina kusema mutu wa mashaka, mutoto wangu. Ni kusema mapasa. Mulizaliwaka babili."

Pacha. Nilikuwa pacha, na sikujua.

Jumamosi iliyofuata tulipanda lori la mahindi hadi Lubudi. Mama ulimwambia tunakwenda kumsalimu rafiki yako. Njiani ukanieleza yote: jinsi familia zetu za asili ya Kasai zilivyofukuzwa na wenyeji zikalazimika kuihama Kolwezi, mkakwama Lubudi siku nyingi mkingoja treni, na mama akajifungulia pale pale stesheni. Andre alitangulia, mimi nikafuata. Yeye aliishi siku nne. Ulimzika amefunikwa koti lako la kazi. Treni ilipofika, mama alikataa kupanda na kumwacha, basi mkabaki hapo mpaka mambo yalipotulia, mkarudi Kolwezi. Tangu hapo hakulitamka tena jina lile, nawe hukutaka kumlazimisha.

Tulipofika, ulinionyesha juu ya kaburi lake msalaba wa chuma uliouchomelea mwenyewe. "Andre ni kusema mwanaume, mwenye moyo wa nguvu," ulisema. Nilitaka kuugusa nikasita, maana nilikuwa nimetaniwa mno. Ukauchukua mkono wangu ukauweka juu ya chuma. "Gusa tu."

Baada ya siku ile waliniita walivyotaka, sikulia tena. Jina langu likitajwa, nilisikia tumeitwa wawili.

Sasa sikia, Tata. Mwezi uliopita mke wangu alijifungua mvulana. Mama alimpakata, na wote tulidhani atamwita Filipo.

"Huyu njo Andre," alisema. Ndiye Andre.

Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, kama bado naikumbuka njia ya Lubudi. Alijua. Alijua tangu jioni ile tuliporudi na macho mekundu, akatupakulia chakula wala asiulize habari za huyo rafiki yako.

Tulikwenda juzi, sisi watatu: mama, mtoto na mimi. Msalaba haupo tena. Nadhani wameuchukua watu wa vyuma chakavu, na mahali pale pamelimwa mahindi. Nilizunguka huku na huku nikitafuta, nikaona aibu mbele yake. Mama hakutafuta. Alisimama katikati ya mahindi, akafungua kitenge, akamwinua mtoto juu. Kwa Kiluba cha kwao alimwambia kaka yangu kwamba hakumwacha, kwamba treni ilikuja akaikataa, na kwamba amsamehe kwa kunyamaza miaka yote hii. Akamwambia ana mwenzake wa jina.

Nilitamani uwe umesimama nasi, umsikie. Aliliita jina lile kwa sauti, mara nyingi, kama mama yeyote anayemwita mtoto wake aje kula.

Lala kwa amani, Tata. Mama anakusalimu, na uso wake umenawiri siku hizi.

Mwanao,
Tomasi