Risasi Alizozinoa Baba

Nyumbani kwa Mzee Kivuva,
Kinango, Kwale.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Muindi,

Pokea shikamoo yangu kutoka huku kwenye vumbi. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia, au baridi ya Kanada bado inakugonganisha meno? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila goti la Mama limevimba tena. Daktari amemkataza kwenda kuteka maji, amri rahisi kuitii kwa kuwa maji yenyewe hayapo. Mbuzi wamebaki mifupa na kelele.

Sasa kaa kitako. Nimekuandikia barua kwa sababu nikishika simu Mama huja kukaa ubavuni mwangu, na haya siwezi kuyasimulia mbele yake bila sauti kunikatika.

Mzee Sanga amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Bunduki yake ilimpasukia mkononi, na aliyesababisha ni Baba. Baba yetu, Muindi! Nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe na bado siyaamini.

Unazikumbuka zile bunduki mbili ambazo tajiri wa ranchi aliwaachia walinzi wake alipofunga, Baba moja na Sanga moja, wakaenda kuchukua vibali vyao siku moja kama maharusi. Ni zile za kukoki kwa chuma kilicho chini, pale kwenye kifyatulio, na risasi hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu. Wewe unaishi kwa wafuga ng'ombe, huenda hata huko umeziona.

Mwezi uliopita fisi walituzidi. Waliingia zizini kwa Sanga, wakala na kusaza. Risasi za zamani zilikuwa zimeshika kutu, basi wazee wakafuatana hadi Mombasa kununua mpya kwenye duka lenye leseni. Muuzaji akawapa zenye pua bapa. Baba alirudi amefura.

"Mwongeli, hebu tazama! Pua kama ya nguruwe! Tangu lini mshale butu ukaingia ngozini?"

Nikamwambia kwamba muuzaji bila shaka anaijua kazi yake. Akanijibu kuwa anachokijua ni kuuza.

Nawe unamjua Baba na mambo ya ncha. Hapa hakuna mshale ambao haukupita mkononi mwake. Hata Waduruma, watu wenye mishale yao tangu enzi na enzi, humletea awanolee, naye hamtozi mtu kitu. Basi akachukua tupa, akakaa kwenye kigoda chake, akazinoa zile risasi moja moja mpaka zikawa kama sindano za kushonea magunia. Alianza na zake, akamalizia na za Sanga, kwa kuwa kwake yeye rafiki hanoi chake akakiacha cha mwenziwe. Akampelekea mwenyewe kwa miguu, na Sanga akazipokea kwa mikono miwili.

Jumanne alfajiri fisi wakarudi. Sanga akafyatua moja hewani kuwafukuza. Hiyo ilitoka vizuri. Iliyofuata ikalipukia ndani ya bomba, pale pale alipokuwa ameshika. Mkewe, Dama, alipiga ukemi tukausikia hadi kwetu.

Afisa wa polisi aliyekuja kwetu kuchunguza ni kijana mmoja mpole anayeitwa Abdulwahab. Alipanga kalamu mbili mezani akatuonyesha. Kwenye bomba risasi hukaa kwa foleni, pua ya hii imegusa kitako cha ile, na kitakoni ndiko kwenye fataki, ile inayoilipua risasi ikigongwa. Kwa hiyo bunduki ya bomba hupewa risasi yenye pua bapa. Zenye ncha ni za zile bunduki ambazo risasi zake hulala moja juu ya nyingine. Ukiweka ncha kwenye bomba, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, ncha inamgonga mwenziwe kwenye fataki.

Kisha akauliza, "Na zako, mzee wangu, ziko wapi?"

"Zimo ndani ya bunduki."

"Na bunduki?"

"Kwenye sanduku la chuma. Chini ya kitanda."

Muindi, Mama alikuwa amelala juu ya kitanda hicho na goti lake! Tulimbeba mzobemzobe huku akitutukana kwamba tumepagawa. Abdulwahab alitoka na sanduku polepole, akaenda kuzitoa risasi nyuma ya zizi peke yake. Mimi nilisali sala zote ninazozijua, na zilipoisha nikatunga nyingine. Bunduki ameondoka nayo, na sijui kama itarudi. Kwangu mimi isirudi.

Alhamisi nilimsindikiza Baba hospitalini Msambweni. Alisimama kando ya kitanda cha Sanga, kofia mkononi, akamweleza yote: tupa, ncha, fataki. Hakujificha popote. Sanga alikuwa akiitazama bendeji yake.

"Najua, Kivuva," akasema. "Muuzaji alinivuta kando siku ile, wewe ukiwa nje. Akaniambia nisitie zenye ncha hata nikipewa bure. Uliponiletea, nilikumbuka."

Baba akauliza, "Sasa mbona ukazitia?"

"Umeninolea wewe. Ningekurudishiaje?"

Baba aliketi sakafuni, pale katikati ya wodi, mzee mzima na koti lake la kanisani. Tulimwinua mimi na muuguzi. Sijawahi kumwona akilia, kaka, na sitaki kumwona tena.

Tangu turudi Baba hali chakula vizuri. Anakaa njiani, na kila apitaye anamwuliza, "Kile nilichokunolea kilikufaa?" Wote wanamjibu, "Sana, mzee." Anawatazama kama watu wanaomwibia. Hamwamini hata mmoja.

Mama anakusalimu na kukuombea. Everlyn wangu, ambaye sasa yuko kidato cha pili, anakusalimu na kudai picha za theluji. Dama pia anakusalimu. Alinishika mkono hospitalini na hakuniambia neno baya, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Nisalimie wifi Hannah na watoto.

Ukipata barua hii mpigie Baba. Atakuuliza kuhusu lile panga alilokufulia ulipooa, ambalo wewe na mimi tunajua lilikatika mpini siku ya kwanza ukalizika shambani. Tafadhali, Muindi, mwambie kweli.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, awarudishe salama mikononi mwetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Mwongeli