Chumba cha Mama Kimefunguliwa

Nyumba ya kona, juu ya duka la vioo,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko ughaibuni. U hali gani? Kifua kimepona? Unakula, au bado unashindia chai? Sisi tu wazima, ila goti la Baba linamsumbua akipanda ngazi.

Usingizi wangu umerudi. Dawa za daktari sijaziacha, lakini nikitoka kushona mapazia napita kwa mkandaji wa mtaa wa pili, tunayemwita Bi Vidole. Dirishani ametundika pazia la samawati nililomshonea. Jua likipenya, kuta zinageuka rangi ya maji, nami naelea humo, mafuta ya uvuguvugu mgongoni, sijui kama nimelala au niko macho.

Ana mtindo wake. Kabla hajakugusa anauliza, "Leo ukiinuka utajisikiaje?" Akimaliza anauliza tena. Mimi kila mara nachemsha, nakosea kabisa. Nikisema nitalia, nainuka nikicheka. Nikisema nitakuwa mwepesi, nainuka na hamu ya kugombana na mtu. Yeye hucheka mpaka akashika kiuno.

Juzi nikafungua chumba cha Mama. Tangu tumzike hakuna aliyethubutu. Nilimwambia Baba nitazimia, akaniwekea kiti mlangoni. Gauni lake la njano bado liko msumarini. Nikakaa kitandani kungoja kilio, ikaja njaa. Baba akaleta mkate, tukala humo humo, makombo yakimwagika kwenye shuka. Mama angekuwepo tungekiona cha mtema kuni.

Kilio kilikuja kesho yake, kazini, kwa sababu ya uzi wa njano tu. Nikalia, kikapita, nikamalizia upindo.

Nimekukumbuka mno, mdogo wangu. Hukuwahi mazishi, na ulisema kwenye simu kwamba ukiingia humu bila yeye utavunjika. Ndiyo maana kila likizo una udhuru. Baba halalamiki, ila akisikia mlango wa chini ukifunguliwa anaacha kutafuna. Umri unamwendea.

Nisalimie wifi yangu na mapacha. Baba anakusalimu, na shangazi muuza viatu pia. Mungu akulainishie njia.

Labda utavunjika kweli, siwezi kukuapia. Lakini mimi ninayeishi humu nilikosea, wewe wa mbali umejuaje? Njoo ukosee nyumbani.

Akupendaye bila kupungua,
Dada yako.