Kwa Wale wa Behewa la Tisa

Likasi, tarehe 16 Machi 2025

Kwa Bwana Steve Lamarre,
kwa mkono wa wachapishaji wake, Montréal

Mdogo wangu Stéphane,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko, ambayo sisi tunaiona kwenye televisheni tu, haikusumbui kifua, maana ulikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila miguu inamsumbua. Kama wewe si Stéphane, mwana wa Floribert Kalombo aliyekuwa fundi wa mashine kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, basi naomba radhi, Bwana Lamarre, na nakusihi uikunje barua hii uirudishe ndani ya bahasha. Lakini kama ni wewe, kaa chini kwanza. Mimi ni Christiane, dada yako. Siku kumi na moja zimepita tangu nijue.

Nianze na habari za kawaida ili nipate nguvu. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa mjini, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Niliolewa na Didier, dereva wa taxi-bus ya Lubumbashi, mtu mwema anayeongea kuliko redio. Tuna mtoto mmoja, Dan, ana miaka ishirini na mmoja, anasomea umeme. Carine, yule mchanga uliyekuwa ukimbeba mgongoni, yupo Kolwezi na ana watoto wawili wakorofi. Baba alitutoka mwaka 2009. Unisamehe kukuambia hivyo kwa karatasi. Kwetu habari kama hiyo hupelekwa na watu, wakaribishwe, wakae, ndipo waseme, lakini mimi sina mtu wa kumtuma Montréal.

Kitabu chako kililetwa nyumbani na Dan. Yeye na rafiki yake Osée wamezama katika mchezo wa video uitwao Sentinelles de Veridan. Wewe unaujua kuliko mimi, kwa kuwa nyuma ya kitabu imeandikwa kwamba ni wewe uliyetunga hadithi za michezo yote minne. Mimi nilichojua ni kelele tu: askari waliovaa chuma mwili mzima wanalinda sayari yenye madini, maadui wanashuka kutoka angani, na mwanangu anapiga risasi badala ya kusoma. Mwezi uliopita Osée alirudi kutoka Lubumbashi na riwaya iliyotolewa kwenye mchezo huo, kurasa mia nne, na vijana wa mtaa wakaanza kuisoma kwa zamu. Nilijisemea afadhali, hata upuuzi ukisomwa unafundisha tahajia.

Siku ya Jumatano, tarehe tano, tulikuwa mezani mchana, na Mama alikuwa anakata bukari, ugali wetu wa huku. Bila shaka unakumbuka. Nakuandikia unayoyajua ili uone kwamba na mimi ninayakumbuka. Mwaka ule wa 1993 tulipoambiwa sisi wenye asili ya Kasai turudi kwetu, na kwetu ni wapi kama si hapa alipozaliwa Baba, tulilala miezi miwili kituo cha treni chini ya turubai. Kisu chetu kiliibwa siku ya tatu. Mama akachomoa uzi kwenye ovaroli ya Baba, akaupitisha chini ya bukari, akavuta, na kila mtu akapata kipande sawa na cha mwenzake. Kipande cha kwanza aliweka kando, kwa sababu Baba alikuwa amekwenda kutafuta nafasi kwenye mabehewa na hakujulikana atarudi lini. Tangu hapo hajashika kisu tena. Miaka thelathini na mbili anakata kwa uzi, na kipande cha kwanza anakiweka kando kwenye sahani ya bati, na baada ya chakula anampa mtu yeyote anayepita barabarani. Tangu tukupoteze tuliambiwa ni chako, na hatukuwahi kuuliza zaidi.

Basi Dan, kinywa kimejaa, akamwambia bibi yake: « Kaku, mu kile kitabu kuko sergent anakataka chakula na uzi, sawa vile weye. Na kipande ya kwanza anaweka pembeni. »

Mama hakuinua kichwa. Mimi nilisema kwa haraka kwamba familia nyingi hukata kwa uzi, jambo ambalo ni uongo, sijaiona hata moja. Baada ya kula nilimwomba Dan kitabu, nikijifanya nataka kupima Kifaransa chake.

Kifaransa chako ni kizuri, Stéphane, ingawa unapenda mno koma. Nilikaa nyuma ya nyumba na penseli mkononi, kwa mazoea ya kazi, nikafungua ukurasa wa mwanzo. Pale pameandikwa kwamba kitabu kimetolewa kwa wale wa behewa la tisa, ambao hawakufika. Nilisoma mstari huo mara nne au tano. Behewa letu lilikuwa la tisa. Baba alitufundisha kuhesabu kutoka kwenye injini ili tusipotee tukishuka.

Nikaendelea, huku nikijiambia kwamba duniani kuna mabehewa mengi ya tisa. Nikamkuta yule sajenti wako, naye anakata mgao wa askari kwa uzi wa sare yake kabla ya kila vita. Nikakuta dumu la maji lililozibwa kwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa chenye miavuli, na mimi nikakumbuka kitenge cha Mama cha miavuli. Nikakuta wafanyakazi wa madini wanafukuzwa Veridan kwa sababu babu zao walitoka nyota nyingine, wanalala kwenye kituo cha vyombo vya angani wakingoja, na mbele yao askari vijana waliozaliwa nao mtaa mmoja. Nikajifunika kitenge mabegani, ingawa jua lilikuwa kali. Didier alipita akaniuliza kama nina malaria, nikamjibu ndiyo.

Halafu nikafika ukurasa wa 212. Chombo kinaondoka. Mtoto ameshuka kuchota maji, anakimbia kando ya mlango na dumu lake, na dada yake amejiinamisha mlangoni. Dada anasema maneno matatu katika lugha ya wafanyakazi wa Veridan, ambayo umeyaacha bila kuyatafsiri: *Leta mayi kwanza.* Dan na wenzake walichekea ukurasa huo wiki nzima. Walifurahi kwamba huko mbali kwenye nyota watu wanasema Kiswahili cha Likasi, na Osée ameyaandika kwa chaki kwenye mlango wake.

Mimi sikucheka. Kitabu kiliniponyoka na penseli ikavunjika. Maneno hayo waliyasikia watu wawili tu duniani, yule aliyeyasema na yule aliyeambiwa. Na mmoja wao tulikwisha kumlilia matanga siku saba huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, tukazika shati lake la shule kwenye sanduku la sabuni.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalia shingoni. Sijamwambia padri, sijamwambia Didier.

Treni ilisimama kwenye kituo kidogo baada ya Bukama, penye pampu ya maji. Carine alikuwa na homa, midomo imepasuka, na Mama alikuwa amemlaza juu ya magoti. Ulishuka wewe kwa sababu ulikuwa mwepesi. Treni ikaanza kuondoka bila honi. Ukakimbia, ukanifikia, ukanyoosha mkono wa kushoto unishike na wa kulia umebeba dumu. Mimi nikakuambia ulete maji kwanza. Nililipokea kwa mikono yote miwili, maana lilikuwa zito, na nilipoliweka chini na kugeuka ulikuwa umebaki nyuma. Haya unayajua na umeyaandika. Hukuandika kwa hasira, nimetafuta hasira ukurasa mzima sikuiona, na hilo limeniumiza zaidi.

Usiyoyajua ni haya. Mama aliniuliza uko wapi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliogopa, nikamjibu kwamba umepanda behewa la nyuma. Kama ningepiga kelele wakati ule, pengine wanaume wangefanya kitu, treni ilikuwa bado inajikokota. Sikupiga kelele. Tulipofika kituo kilichofuata Baba akakutafuta behewa kwa behewa, na wewe hukuwepo. Hapo nilitunga uongo wa pili. Nilisema nilikuona ukijaribu kupanda, ukateleza, ukaingia chini ya magurudumu, na kwamba nilinyamaza kwa hofu. Niliona ni afadhali ufe kuliko wajue nilichagua maji. Mimi ndiye niliyekuua, Stéphane, kwa mdomo wangu, na kwa sababu ya mdomo huo niliamini hakuna mtu aliyerudi kukutafuta.

Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii. Carine alikunywa yale maji akapona, na kila sikukuu yake ya kuzaliwa mimi huumwa kichwa.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimpeleka Mama chumbani kwake, nikafunga mlango, nikamwambia yote: kitabu, uzi, ukurasa wa 212, uongo wa kwanza na wa pili. Nilipiga magoti kabisa, mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Nilitegemea atalia au atanipiga kofi, na kofi ningelipokea kwa shukrani. Mama akauliza kama kitabu kinasema huko uliko unakula nini.

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa, hakuridhika. Ndipo akaniambia kwamba alijua tangu usiku uleule wa treni. Mama Mathilde, yule mjane aliyekaa karibu na mlango, alikuona kupitia upenyo wa mbao. Ulikuwa umesimama juu ya mawe ya reli, mzima, mikono kichwani, mpaka kona ikakuficha. Mama na Baba walikubaliana wasiniambie, kwa sababu nilikuwa silali wala sili, na waliogopa kwamba nikijua wanajua nitajitupa relini. Matanga waliyaacha yafanyike kwa ajili ya wazee wa ukoo, na kwa ajili yangu. Nikakumbuka kwamba Mama hakunyoa nywele za msiba siku zile. Mimi nilidhani moyo wake umekauka.

Nilimuuliza kwa nini basi hakuacha hata siku moja kukata kile kipande, ambacho sikuzote nilidhani ni cha marehemu, na hapo alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wasiosoma swali.

« Bafu, tunabalilaka, » akasema, yaani wafu huwa tunawalilia. « Bukari tunakatiaka muntu iko mu njia. »

Baba ana miaka kumi na sita kaburini, Stéphane. Nimekaa nikahesabu milo yote niliyokula kwenye meza ile tangu tumzike, na Mama hajamkatia kipande hata siku moja. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kusoma nilikuwa na jambo hilo mbele ya macho yangu kila mchana.

Kabla sijafunga, nina masahihisho, usikasirike, ni kazi yangu. Ya koma nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Makubwa ni mawili. La kwanza ni ule ukurasa wa mwanzo. Sijui nani alikudanganya kwamba treni yetu ilianguka, kama chombo chako kilivyoungua angani. Huenda alikuwa mtu mwema aliyetaka uache kungoja. Tulifika. Tulikaa Mwene-Ditu miaka minne, kisha tukarudi Likasi, na tunaishi mitaa miwili kutoka nyumba yetu ya zamani.

La pili ni ukurasa wa 230, mstari wa mwisho, ulipoandika kwamba askari wako, yule mtoto wa dumu, alingoja penye pampu na hakuna aliyerudi. Futa mstari huo. Baba alirudi mara mbili, Mama ndiye aliyenieleza. Mara ya kwanza ni mwaka 1994, akituambia sisi watoto kwamba anakwenda kutafuta kazi. Alitembea kituo kwa kituo kandokando ya reli, mpaka akamkuta mlinzi wa pampu, na mlinzi akamwambia kwamba watawa walikuwa wamekuchukua miezi mitatu kabla. Mara ya pili, 1997, alikwenda kuwatafuta hao watawa, akakuta vita vimewaondoa na nyumba imefungwa. Alirudi na kifungo cha shati alichopewa na yule mlinzi. Mama anacho, ameufunga humo uzi wake wa kukatia bukari.

Didier anakusalimu sana, na ukimjibu ujiandae kusoma. Dan anakusalimu na anauliza kwa heshima kwa nini ulimuua sajenti kwenye mchezo wa tatu. Carine bado hajui; nitakwenda Kolwezi kumwambia kwa mdomo. Mama anasema uvae kitu cha kufunika kifua. Uandike, hata mstari mmoja, na kama huwezi kuniandikia mimi, nitaelewa, mwandikie yeye.

Ni mimi dada yako, niliyepokea maji,

Christiane