Kaptura Mbele ya Mama Mkwe

Warya Mustafe, nimekwisha. Wewe na nusu marathoni yako!

Leo alfajiri nimebadilisha njia ya mazoezi, nikapitia mtaa wa wakwe nikidhani bado wamelala. Kumbe mama mkwe yuko nje anakamua mbuzi.

Na mimi niko na kaptura. Kaptura, Mustafe! Mapaja yote nje!

Hata hakuyaona. Ameona tu mkwe wake anakuja mbio, na binti yake Samsam ana mimba ya miezi tisa. Kwake, mtu mzima hakimbii hivyo kama haleti habari ya kifo. Maziwa yakamwagika. "Mwanangu amekufa!" Majirani wakatoka wakilia.

Nikamwambia, "Hapana mama, nafanya mazoezi."

Mazoezi! Walahi ndivyo nilivyosema.

Akageuza uso, akavua shali yake, akanirushia nijifunike. Nikadhani aibu imeishia hapo.

Halafu akauliza polepole, "Na yeye umemwacha na nani?"

Nilikuwa nimemwacha peke yake, Mustafe.

Hakungoja jibu. Akaanza kukimbia kwenda kwangu, miguu peku. Samsam tumemkuta salama, lakini mama yake ndiye aliyetangulia kufika.