Nyakuoth Hakuiba Neno

Kakuma, Jumatatu

Ndugu yangu Gatkuoth,

Maale, vile nyinyi mnasalimia. Na kwa lugha yangu, ejok. Habari ya Bentiu? Maji ya mafuriko imerudi chini ama bado mnalala juu ya tuta? Mguu yako je? Mimi ni mzima. Mgongo ndio inalia, lakini bado nabeba mawe kwa mjengo, kama wakati ule tulikuwa wawili.

Barua yako ilifika. Umesema mtu amekuambia Nyakuoth ameiba kitu ya kanisa, na hutaki kusikia jina yake tena. Gatkuoth, ngoja kwanza. Mtoto wako hakuiba. Kazi yake amerudishiwa jana mbele ya kanisa yote. Sikia vile ilikuwa.

Unajua kanisa yetu iko na tovuti, na Nyakuoth ndiye anaishughulikia. Watu wa Lopur na Namoruputh hawana Biblia, lakini simu wako nayo. Mchungaji Aregae akasema tuweke Luka yote ya Kiturkana hapo wasome. Nyakuoth akakataa. Akasema tafsiri iko na wenyewe, lazima tuombe. Wazee wakamcheka, wakauliza tangu lini Mungu anaombwa ruhusa ya maneno yake. Yeye akashikilia. Akaandika barua ya kuomba kwa mkono yake, na mimi nikatumwa kuipeleka ofisi ya hao wenyewe Lodwar, juu nilikuwa naenda huko kuona ndugu za marehemu mke wangu.

Nilirudi nikasema wamekubali. Nyakuoth akaweka Luka, mwanzo mpaka mwisho.

Miezi mbili ikapita, ofisi ikaandika. Walikuwa wamekasirika. Walisema kitabu yao yote iko kwa tovuti yetu na hakuna mtu aliomba, tuitoe. Hapo kelele ikaanza. Wazee wakasema lazima ofisi ilikubali mistari kidogo, na Nyakuoth akachukua kitabu. Mama mmoja akasema mkimbizi ukimkaribisha bomani anahesabu mbuzi zako. Wakamnyang'anya tovuti. Akaacha kuja kanisa. Mimi nilikuwa hapo hapo, kwa benchi.

Juzi mchungaji akanituma tena Lodwar, nikaulize walikubali nini hasa. Nilipata mkubwa wao, mama anaitwa Nakeno. Nikamwambia Neno ni ya Mungu, haina mwenyewe. Akaniuliza maziwa ya ngamia ni ya nani. Nikasema ya Mungu. Akauliza kama basi naeza kukamua ngamia ya jirani. Akasema mistari kidogo hakuna mtu anakataza, andika tu jina ya tafsiri na ya wenyewe. Lakini kitabu yote unaomba, juu kuna watu walikaa miaka wakiiweka kwa Kiturkana, na ikigeuzwa huko kwa simu ni wao wataulizwa. Halafu akaandika karatasi, akapiga muhuri. Luka ikae. Tusibadilishe kitu, tusiuze, na jina yao iandikwe chini. Gatkuoth, nilipumua.

Lakini aliniuliza mara ya kwanza niliongea na nani. Hii ndio nataka ujue. Sikuongea na mtu.

Siku ile nilifika kwa geti na nguo ya kazi. Askari akaona nguo, akasema vibarua wanapitia nyuma, lori imefika. Nilishindwa kumwambia nimekuja na barua. Niliwaza ndani wanaongea Kizungu tu, na mimi sina. Nikapita nyuma, nikashusha maboksi mpaka jioni. Maboksi ya Biblia. Barua ilikuwa kwa mfuko ya shati, ikaloa jasho mpaka wino ikafutika. Kufika Kakuma, mchungaji akaniuliza mbele ya watu, na aibu ndio ilijibu. Na wakati wanamnyang'anya mtoto wako kazi, yeye mwenye ananiletea maji tangu mke wangu, mama Ejore, afariki, nilifunga mdomo.

Jana nikasimama nikasema yote. Wazee waliangalia chini. Yule mama wa mbuzi alitoka nje. Nyakuoth alikasirika sana, halafu akacheka, akasema Baba Ejore, umebeba Biblia siku mzima na hukubeba hata jibu moja! Kanisa ikacheka. Mimi pia nikacheka. Amesema atanisamehe, lakini si wiki hii. Ni sawa. Nimelala vizuri.

Sasa huyo mtu alikuambia ameiba, mwite, na wote walisikia waje. Barua hii ni yangu. Nakupa ruhusa uisome yote mbele yao. Usipunguze mahali, usibadilishe kitu, na jina ya mwenye kuandika uitaje.

Wiyual anasafiri huko, ndiye anakuletea hii. Nyakuoth anakusalimia. Mwandikie yeye mwenyewe. Salimia mama wa nyumba na watoto, na Mungu awakaushie maji.

Ni mimi, mwenzako wa mawe,

Ekal, baba Ejore