Maji Niliyokuchemshia

Mjukuu wangu mpendwa,

Wewe unayeitwa kwa jina la marehemu nyanya yako, jina ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi. Shangazi yako amenipigia simu kutoka Molo. Anasema shule imefunguliwa, sare yako imepigwa pasi na kutundikwa ukutani, nawe hujaivaa hata siku moja. Unashinda ghalani ukichagua viazi, barakoa usoni, na mtu akikuuliza jambo unamjibu kwa kutikisa kichwa. Nakuandikia kwa sababu simu zangu huzipokei. Nakuandikia hadharani kwa sababu kosa nililokutendea nililitenda mbele za watu.

Kanisa letu hapa Kiamunyi, kando ya mji wa Nakuru, lilipochimba kisima, wewe hukuwa umezaliwa. Mimi babu yako, nikiwa mzee wa kanisa, ndiye niliyeyaombea yale maji. Niliinua mikono juu ya mfereji, nikayaita maji ya baraka, na tangu siku hiyo nikapiga marufuku maji ya mvua nyumbani mwangu, nikisema yamepita juu ya mabati yenye vinyesi vya ndege. Nyanya yako, aliyezoea kukinga mvua maisha yake yote, alinung'unika kidogo, kisha akanyamaza. Ulipoachishwa kunyonya, uji wako ulipikwa kwa maji hayo. Nami niliyachemsha mwenyewe. Bila shaka unaikumbuka sufuria ile kubwa. Niliyaacha yatokote hadi yapungue, nikikuambia, "Maji ya nyumba hii hayana mdudu hata mmoja." Nilijivunia sufuria ile kuliko mahubiri yangu.

Ulipofika miaka saba, meno yako ya mbele yaliota yakiwa na mabaka meupe kama chaki. Baadaye mabaka yale yakageuka rangi ya chai ya rangi, kisha rangi ya kutu. Kila Jumapili kabla ya ibada nilikusimamisha kwenye mfereji, nikakukagua.

"Hujasugua."

"Nimesugua, Guka."

"Sugua tena. Tazama yangu."

Nikakuonyesha meno yangu, meupe hata katika uzee huu, nikakueleza kwamba hayo ni matunda ya makaa, chumvi na bidii. Ulisugua kwa makaa hadi ufizi ukatoa damu. Ulitema mate mekundu kwenye nyasi, ukanigeukia na kuniuliza, "Sasa je?" Nami nikakujibu kwamba bado.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona, na shule zilipofunguliwa kila mtoto akaamriwa kuvaa barakoa. Watu wengine wanaukumbuka wakati ule kwa majonzi, na wana haki. Kwako wewe ulikuwa wakati mzuri kuliko wote. Uliinua mkono darasani. Ulisoma kwa sauti. Ulileta ripoti ya shule ukiwa wa kwanza katika Kiswahili na wa pili katika Sayansi, na ulikuwa ukila ukashiba na kucheka peke yako uani. Jumapili moja ulisoma somo kanisani, kitambaa usoni, na sauti yako ikafika hadi mlango wa nyuma. Nilimgusa mzee aliyeketi kando yangu nikamwambia, "Yule ni wangu." Nilidhani Mwenyezi Mungu amekupa kipawa kipya. Sikujiuliza kwa nini kipawa hicho kilisubiri kufunikwa.

Wenzako walipovua barakoa, wewe hukuvua. Nilikusifu kwa utiifu wako. Siku ile uliporudi mapema, ulisimama mlangoni na mkoba mgongoni, ukaniambia yaliyotokea.

"Mwalimu ameniita mbele. Ameniambia, toa hiyo kitu, korona iliisha. Nikatoa. Vijana wa nyuma wakaanza, 'Niaje, mahindi choma!' Darasa lote likacheka, Guka. Hata mwalimu."

"Nawe ukasema nini?"

"Nitasema nini, na mdomo ndio wanacheka?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuvaa koti langu, kuchukua fimbo yangu na kwenda shuleni kuuliza. Badala yake nilikuambia upuuze mambo ya kitoto, nikakutuma ulete kuni.

Tangu siku ile alama zako zilishuka kama mtu anayeteremka ngazi. Masomo ya siku hizi yanamtaka mtoto asimame, aeleze, aigize na kuimba mbele ya wenzake, nawe hukusimama. Mwalimu aliandika kwenye ripoti, "Hashiriki darasani. Ana kiburi." Nami nikamwamini. Mchana mzima nilikuketisha kitini nikakufundisha juu ya dhambi ya kiburi, wewe ukinisikiliza kiganja kikiwa mdomoni. Nilikuamuru ukiondoe. Ulikiondoa, nami nikaendelea kufundisha.

Kama jino lako la nyuma lisingekuuma, pengine ningekuwa nafundisha hadi leo. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alikutazama kinywani kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, huyu mtoto hana uchafu. Ni maji. Haya madini yanaitwa floraidi, yako mengi sana kwa visima vya huku kwetu. Yanaingia kwa jino likiwa bado ndani ya ufizi."

"Lakini daktari, maji yetu tunayachemsha. Nayachemsha mimi mwenyewe."

"Hata uchemshe siku nzima, mzee. Mvuke ndio unaenda. Madini yanabaki kwa sufuria, tena yanazidi."

"Na makaa je?"

"Makaa yatamwumiza bure tu. Na wewe ulikulia wapi?"

Nilimjibu kwamba nililelewa Molo, kwenye kijito kinachotoka msituni. Wewe ulikuwa bado umelala kwenye kile kiti, mdomo wazi, macho yako yakinitazama bila kupepesa. Miaka yote ile nilikuonyesha meno yangu kama ushahidi wa bidii, kumbe yalikuwa ushahidi wa kijito. Wiki ile ile ulifunga nguo zako ukaenda kwa shangazi yako, na hukuniaga.

Nataka ujue nilichokifanya baada ya hapo, ingawa hakijazaa matunda. Nilikwenda mbele ya kikao cha wazee nikaomba tutafute chujio la kuondoa madini hayo, au angalau watoto wanaokua wapewe maji ya mvua. Walicheka.

"Mzee, hayo ni meno ya Nakuru tu. Mimi niko nayo, na nimeoa na nimejenga."

"Si wewe ndiye uliyaombea hayo maji? Leo yamekuwa sumu?"

Nikawaambia ndiyo, ni mimi, na ndiyo sababu nimesimama. Mmoja akauliza kama kuna mtoto aliyekufa. Nimechoka, mjukuu wangu. Nimechoka na watu wanaotaka kwanza kuonyeshwa kaburi ndipo waamini kwamba mtoto ameumia. Tunawauliza watoto wetu kwa nini wamekuwa wa mwisho, tunawapeleka kwa masomo ya ziada, tunawaombea roho ya uvivu iwatoke, na hatuulizi ni nini kinachowafanya wafunge midomo. Nami nilikuwa wa kwanza katika kundi hilo, tena nikiwa na Maandiko mkononi. Nitarudi kwenye kikao hicho mwezi ujao, na mwezi unaofuata, hadi wachoke wao.

Kwa sasa ninakinga mvua, na jirani mmoja ameanza kunywesha watoto wake maji hayo. Kwako nimechelewa, na sitakudanganya. Rangi hiyo haitatoka kwa kusugua. Daktari yule anasema anaweza kuyafunika meno ya mbele, na kwamba uamuzi huo ni wako, siku utakapokuwa tayari. Mimi sitakuamulia tena jambo lolote linalohusu kinywa chako.

Ninachokuomba ni darasa tu. Nimezungumza kwa simu na mwalimu mkuu wa huko Molo. Nilimweleza yote bila kujificha, pamoja na sehemu yangu. Alisema, "Aje, mzee. Hata akivaa barakoa mpaka amalize shule, nani atamuuliza? Na siku za kusema mbele ya darasa, atasema mbele yangu ofisini kwanza." Naamini alimaanisha, kwa maana hakuwa na haraka ya kukata simu.

Jumatatu asubuhi nitapanda kuja Molo. Nitapita kwanza ghalani. Nikikukuta ukichagua viazi, nitavua koti langu niketi nichague nawe, wala sitakuhubiria. Nikikuta kiti chako kitupu na shangazi yako akaniambia umekwenda shule, nitarudi Kiamunyi bila kukuona. Mwanangu, naomba Mungu nisikuone.

Katika toba na upendo,

Guka wako