Baba na Yule Mtu wa Kilimani

Bwenini, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa

Kwako Baba,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, maana najua umemwita akae karibu asikie unavyosoma. Mimi ni mzima, kifua kilichokuwa kinanibana kwa baridi ya huku kimeachia. Je, mguu wako uliokanyagwa na yule maksai mwekundu unaendeleaje? Na Mama, macho bado yanamtoka machozi kwa moshi? Nauliza haya kwanza kwa sababu nikishaanza yaliyo moyoni sitaweza kurudi nyuma.

Baba, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujakasirika. Sijafukuzwa shule wala sijafanya jambo la aibu. Ila nina hofu. Ni tangu Ijumaa.

Yalianzia kwenye kitabu. Mwalimu Sikazwe, anayetufundisha Kiingereza, alikuja na kitabu kinene kuliko kile cha altareni, kurasa zaidi ya mia saba. Kwa kuwa kilikuwa kimoja tu, alikikata kwa wembe vipande vinne, akashona kila kipande kwa uzi wa gunia, akagawia mabweni manne. Alitaka tusome, tubadilishane, halafu tufanye mdahalo. Lakini Kiingereza chake ni kigumu, tukakawia, na siku ya mdahalo ikafika kila bweni limesoma kipande chake tu.

Ni habari za mtu wa nchi ya baridi aliyerithi kilima cha mawe, ambacho ndugu zake walikikataa. Aliyavunja mawe peke yake miaka mingi, akapanda miti ya matunda, akafukua chemchemi. Miti ilipozaa, watu wa mji wakamtaka aingie kwenye baraza lao na agawe maji. Akakataa. Akawahutubia, Baba, hotuba ya kurasa thelathini bila kukohoa! Hiyo Mwalimu alitusomea sote. Alisema mtu ni mali ya nafsi yake, hakuna aliyezaliwa ili awe jembe la mwenzake, na ukarimu wa kulazimishwa ni wizi uliovaa nguo za kanisani.

Bweni letu lilipata kipande cha kwanza, cha mawe. Tulimpenda sana. Mimi hata nililia pale alipokuwa anafunga viganja kwa matambara.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wa kwanza kumtetea alikuwa rafiki yangu Hadija, ambaye kwao Kasanga wanafanya biashara ya dagaa.

"Jamani, siku hizi ni ruksa!" alisema. "Mtu amevua usiku kucha, wewe umelala. Asubuhi unakuja na sufuria, unasema tugawane. Tugawane nini, shuka lako?"

Tulicheka, tukapiga makofi. Lakini bweni la nne, waliosoma kipande cha mwisho, walikuwa wanagonga meza. Akasimama Anastazia.

"Nyie hamjafika mwisho," alisema. "Watoto wa mji wanaugua kwa maji machafu, yeye anapalilia miti. Halafu anazeeka, anafia kitini peke yake. Mwandishi anasema amekufa huru. Sawa. Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza. Nani alimchimbia kaburi?"

"Alijichimbia!" mmoja alipaza sauti.

"Akajizika, akajililia!"

"Na pombe ya matanga akanywa mwenyewe!"

Hata Mwalimu Sikazwe alifunika uso kwa daftari. Mimi nikasimama. Nilisema tusimhukumu kwa kipande cha mwisho, tusome kwanza mawe. Nilisema mtu aliyeumia hivyo ana haki ya kufunga geti lake. Nilisema vizuri, Baba, kwa Kiingereza, na sikutetemeka.

Ndipo aliposimama Skola, yule mtoto wa kaka yake balozi wetu. Yuko bweni la nne.

"Msemaji anamtetea kwa sababu kwao wanaye," alisema, tena kwa Kiswahili, ili wote waelewe. "Baba yake halimi na watu. Wakiitana kulima haji, hata jembe hatumi. Na mahindi yake yanasimama wakati ya wenzake yamelala. Mwulizeni, nani anamlimia?"

Hadija alicheka, akacheka peke yake. Wasichana wa Ufipa hawakucheka. Swali hilo tunalijua sote. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Misukule." Nikakaa. Hotuba yote ya kurasa thelathini haikuwa na neno moja la kunisaidia.

Jioni Skola alinifuata kwenye kamba za nguo.

"Leokadia, nisamehe, mdomo umenitangulia."

"Umejisemea tu, au umesikia?"

Alizungusha kibanio cha nguo. "Nimesikia likizo iliyopita, kwa baba mdogo, balozi wenu. Walikaa kikao. Wameagiza watu wa kamchape. Watafika mahindi yakikauka."

"Na?"

"Jina lililotajwa kwanza ni la baba yako."

Baba, kamchape unawajua kuliko mimi. Mimi niliwaona mara moja tu, nikiwa mdogo, walipokuja kutafuta wachawi kijiji cha ng'ambo ya mto. Namkumbuka yule bibi waliyemnyoa kwa kipande cha chupa. Paa lake liliungua, na yeye akaondoka na kuku mmoja kwapani. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Tangu Ijumaa nikifumba macho namwona, lakini uso ni wako.

Jana nilikwenda kwa Matroni kuomba ruhusa ya kuja nyumbani. Akauliza, "Kuna msiba?" Nikajibu, "Bado." Alinitazama sana, akasema ruhusa ni ya msiba au ugonjwa, nirudi bwenini. Ndiyo maana naandika.

Sisemi umekosea. Mimi kipande chako cha kwanza nimekisoma. Ulinisimulia tukipukuchua mahindi: jinsi ulivyolima shamba la kijiji mpaka kiuno kikagoma, na waliokuwa wamekaa kivulini wakipiga soga wakapata debe sawa na lako. Najua kwa nini uliapa hutalima tena kwa kuitana. Najua pia maksai wametoka wapi. Ulishuka bondeni Rukwa, ukachunga ng'ombe wa Mzee Masanja kiangazi cha kwanza na cha pili, ukarudi umekonda mpaka Bibi akakupita njiani asikujue, ukiwaswaga maksai wawili ambao Wasukuma wamekufundisha kuwafunga plau. Hao ndio wanaokulimia. Lakini wewe ulisema, "Haiwahusu." Kijijini hawajui. Walikuona umepotea, wakakuona umerudi na mali. Wamesoma kipande cha mwisho tu, Baba, na cha kwanza umekifungia ndani.

Leo asubuhi nilimwomba Anastazia kipande chao, nikasoma kurasa za mwisho. Maneno mengi sikuyaelewa. Lakini nimeona kwamba yule mtu alifunga geti, na hakuna mahali alipomweleza mtu yeyote habari za mawe. Aliwahutubia watu juu ya uhuru. Juu ya viganja vyake hakusema hata neno. Bado nampenda. Ila yeye alikuwa na kilima na geti la chuma, na sisi tuna nyumba ya nyasi katikati ya watu.

Baba, sikuombi uuze maksai. Sikuombi hata ukae na watu mpaka pombe iishe, najua unavyomchukia yule anayetifua matuta matatu na kunywa kibuyu kizima. Naomba jambo dogo. Mvua zinaelekea kuisha, wiki hii watu wataanza kuitana kufukia nyasi na kuinua matuta. Wa kwanza huwa ni Bibi Tuli, kwa kuwa ni mjane. Wewe hutakwenda. Lakini si ulinifundisha mwenyewe kwamba asiyeweza kufika hutuma jembe lake? Mwenye shamba huliegemeza pamoja na mengine, mtu yeyote hulitumia, na jioni hurudi nyumbani lina udongo. Hakuna aliyewahi kumnenea vibaya mtu ambaye jembe lake limerudi na udongo.

Kama lako ni zito kulitoa, tuma langu, lile dogo ulilonitilia mpini wa mti wa mpera. Liko nyuma ya mlango. Mpe Deo alipeleke, na aseme limetoka kwangu. Bibi Tuli akiuliza habari zako, mdogo wangu huyo hawezi kunyamaza, atamweleza habari za bondeni na za Mzee Masanja. Mwache aeleze, Baba. Usimkataze.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Kama ungekuwa karibu ningepiga magoti.

Nisalimie Mama, mwambie asikukamulie pombe ya ulezi mpaka umkubalie hili la jembe. Bibi mzaa baba nampa shikamoo yake, aendelee kuniombea kwa rozari ile ile. Deo mwambie nimemwekea penseli. Mzee Masanja akipita na ng'ombe wake, msalimie sana, na umkaribishe akae nje, pale watu wanapoona.

Barua hii anaileta Mjomba Festo, anayekuja na lori la mahindi. Anageuza baada ya soko. Akirudi huku sitamuuliza kama umenijibu. Nitamuuliza kama nyuma ya mlango aliliona jembe, na kama lilikuwa na udongo.

Ni mimi binti yako anayekuhofia,
Leokadia